Nimemweka somo yangu kwenye hadithi, sasa hanisalimii

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na stendi, na jioni nikishafunga hesabu huwa natunga hadithi. Nazituma kwenye kundi la WhatsApp, kila Ijumaa sehemu moja, na wasomaji wananichangia shilingi 500 kila hadithi mpya inapoanza. Hela yenyewe ni ndogo, lakini kazi hii naipenda kuliko yoyote niliyowahi kuifanya.

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya kijana anaitwa Ryan, mtoto wa tajiri wa Masaki, Dar es Salaam. Alimpenda dada wa kazi wakati mama yake ameshamtafutia mchumba kwenye familia yenye uwezo. Nilifika sehemu ya 6, msomaji mmoja akaandika kundini: "Hii mbona nimeshaiona kwenye tamthilia ya Kituruki, wamebadilishwa majina tu." Watu wakacheka. Niliumia kwa sababu alisema kweli. Masaki kwenyewe sijawahi kufika.

Nikasema basi, ngoja niandike watu ninaowajua. Hadithi ya pili nikamweka mama mmoja mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa wakulima kwa siri, nje ya mnada. Mwezi wa 7 na wa 8, watu wakiwa hawana kitu, anapita nyumba kwa nyumba akiwaachia vihela. Korosho zikianza kudondoka anarudi na bakuli lake, anapima mpaka linafanya mlima, na mlima wote huo anauita kilo moja. Mume wake nikamfanya karani wa chama cha msingi. Nikampa jino la dhahabu, namna yake ya kufunga kanga kichwani, na neno lake la kila saa: "Haya, Mungu anaona." Jina tu ndilo nililobadilisha.

Mwalimu, ilipendwa! Sehemu ya 4 ilizunguka kijiji kizima ndani ya siku mbili, na kila mtu akajua ni nani. Ni jirani yetu. Tena si jirani tu, ni somo yangu, yeye ndiye aliyekaa na mimi ndani nilipochezwa unyago. Na mume wake kweli ni karani, sasa watu wameanza kumuuliza maswali. Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwenye hadithi: nilipokuwa kidato cha 3 baba aliugua, na huyu mama ndiye aliyenilipia mahitaji ya shule mpaka nikamaliza. Hakumwambia mtu.

Sasa nikipita hageuki. Mama yangu anasema nimeivua nyumba nguo. Na kundini wananidai sehemu ya 5.

Nifanyeje kwa somo yangu? Na huyo mhusika wa kwangu mwenyewe nitampata wapi? Nikitoa kwenye runinga naambiwa nimeiba, nikitoa mtaani nimesaliti. Nikisema nitunge kichwani tu, wanatoka watu wasio na damu, wote wanaongea kama mimi. Na nikichanganya kipande cha huyu na kipande cha yule, huo nao si wizi?

Binti wa Kibandani, Tandahimba

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye yale mahitaji ya shule unayosema hukuyaandika. Nitarudi hapo. Tuanze na somo yako, maana hilo haliwezi kungoja.

Sehemu ya 5 usiitume. Zile nne zilizoko kundini zifute kama bado inawezekana, waambie wasomaji hadithi imesimama, utaanza nyingine na mchango wao utahamia huko. Usiongeze neno. Ukiandika kwamba mhusika yule si fulani, ndio umemtaja. Walioinakili wataendelea kurushiana na hilo huwezi kulizuia, ila kuni mpya zisitoke kwako.

Kisha nenda kwake, na usiende peke yako. Wengi wetu huku kusini ukoo tunauhesabu kwa mama, na jambo la namna hii lina mwenyewe, naye ni mjomba wako. Mweleze yote, la kangomba na la karani pia, asije akalisikia kwa mara ya kwanza ukumbini kwa watu. Mwende naye pamoja na mama yako. Ukifika kaa chini, mwamkie, kisha sema ulichofanya kwa kinywa chako mwenyewe: "Somo, nilikuchukua bila ruhusa nikakuanika." Neno "ilikuwa hadithi tu" lisikutoke. Kununua kangomba kunaweza kumfikisha mtu polisi, na mume wake anashika vitabu vya wakulima. Umemletea hatari mlangoni, na anatakiwa asikie kwako kwamba unalijua hilo. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akisema mtoke, tokeni, mjomba ndiye atakayejua lini mrudi. Zawadi usibebe siku ya kwanza, itaonekana unanunua.

Sisemi kangomba ni kitu chema. Nimewaona wakulima wakifika kwenye mnada mikono mitupu kwa sababu mazao yao yaliondoka kabla hayajaanguka mtini. Una haki ya kuliandika, tena liandikwe. Lakini ubaya wa kangomba haukuhitaji jino la dhahabu la somo yako ili ueleweke.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa kuwa na mimi nilimuumiza mtu vivyo hivyo. Nilipokuwa nafundisha niliandika igizo, wanafunzi wakalicheza siku ya mahafali. Ndani yake nilimweka marehemu baba wa rafiki yangu, mnywaji wa uraka, ile pombe ya mabibo, jinsi alivyokuwa akirudi usiku akiimba njia nzima. Ukumbi ulicheka. Rafiki yangu alikuwa amekaa safu ya pili. Alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwangu, na alipokuja aliniambia kwamba zile nyimbo baba yake alikuwa akiwaimbia wao, watoto, wajue ni yeye anayekuja wasiogope, wafungue mlango. Mimi hilo sikulijua. Nilichukua kile kinachosikika kutoka barabarani.

Sasa tazama ulichochukua wewe: jino, kanga, neno la mdomoni. Vyote hivyo vinaonekana na mpita njia. Tofauti yetu ni kwamba mimi cha ndani sikukijua, wewe ulikijua ukakiacha. Mwanamke anayemjazia mkulima bakuli mpaka linafanya mlima, halafu kwa hela hiyohiyo anamsomesha mtoto wa jirani na hamwambii mtu: huyo ndiye angekaa kichwani mwa msomaji mwaka mzima. Ulimwacha nje, nadhani kwa sababu alikuharibia ubaya uliokuwa unautaka. Kwa hiyo ulimwiba uso wake wote, na fumbo lake, lile lililokuwa na thamani kwa mtunzi, hukuligusa. Geuza kazi hiyo. Uso mwachie mwenyewe, ondoka na fumbo.

Umewahi kutazama ngoma ya mapiko, bila shaka. Mchezaji amefunikwa mwili mzima, kichwani ana kinyago cha mti, na aliyemo ndani hatajwi. Anatoka akitembea kama mzee mchoyo, au mgonjwa, au Mzungu wa zamani aliyekuja kutoa amri. Watu wanaijua ile tabia mara moja, wanashangilia, na hakuna mzee mchoyo anayeondoka uwanjani kwa hasira, kwa sababu mchongaji hakuchonga sura ya mtu mmoja wa kijijini. Alichonga uchoyo, akaupa mashavu na mgongo wake wenyewe. Babu zetu waliokuwa wakichonga hivyo walikuwa wanajibu swali lako.

Na dawa hiyo ndiyo ya Ryan. Kwenye ile tamthilia kilichokushika si kijana wa Masaki. Jiulize ni nini. Labda ni yule msichana anayepika chakula cha nyumba nzima na hana kiti mezani. Fumbo hilo halina mwenyewe, liko Uturuki na liko Tandahimba. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, inalinda namna mtu alivyoliandika au kulichora wazo lake, kwa hiyo kuchukua fumbo na kulijengea nyumba nyingine huo si wizi, na kuchanganya vipande vya watu si wizi pia. Ila ukilileta huku, lilete kwelikweli. Huku anayeweza kuizuia ndoa huenda asiwe mama tajiri mwenye ghorofa, akawa mjomba asiye na kitu isipokuwa neno lake. Ukishabadilisha hilo, wazazi, wachumba na ugomvi wote vitabadilika bila wewe kuhangaika kuvificha.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na watunzi wengi ndipo wanapoharakisha. Shuleni walitufundisha mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika, na kwa mtihani ilitosha. Anayetunga anahitaji kitu kingine: anahitaji kumbana mtu. Huwezi kujua mhusika wako ni nani mpaka afike mahali ambapo kila njia ina hasara.

Nikupe mfano, na huu usiuandike, angalau si kwa miaka hii, kwa heshima ya somo yako. Mwaka 2018 wakulima waliikataa bei ya mnadani, na mwezi wa 11 serikali ikatangaza itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ukaja uhakiki, anayedai malipo aonyeshe shamba. Sasa mfikirie mnunuzi wa kangomba mwenye magunia ghalani na hana hata mkorosho mmoja. Anahitaji mkulima wa kumwazima shamba kwa jina. Na mkulima pekee anayeweza kumwendea ni yule aliyemjazia bakuli. Anabisha hodi usiku. Hapo sihitaji tena kuambiwa ana jino la aina gani, nataka kujua atafungua mdomo aseme nini.

Nimejaribu kukutengenezea mtu mmoja wa kweli kweli, uone ninavyofanya. Fumbo nimelichukua kwenye barua yako: mtu anayenyonya kwa mkono huu na kulisha kwa mkono ule. Kwanza nikamtoa kwa somo yako kwa kila kitu kinachohesabika. Awe mwanaume. Awe Newala, kijiji kilicho ukingoni mwa bonde. Asiguse korosho kabisa, auze maji. Wewe wa uwanda wa juu unajua maji ni nini kwetu mwezi wa 10, kabla mvua haijaja, na bibi zako watakuambia habari za kushuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Nikamwita Mashaka, umri wake miaka 55.

Mashaka ana tangi kubwa la saruji la kuvuna maji ya mvua. Alilijenga mwaka ambao korosho za baba yake zilipata bei nzuri, hela ambayo mama yake alidhani itaezeka nyumba bati. Tayari kuna kidonda hapo. Utotoni alikuwa akishuka bondeni na dada yake. Siku moja aliteleza akamwaga, dada akammegea nusu ya maji yake, wakafika nyumbani na ndoo mbili nusunusu, na dada akasema ni yeye aliyemwaga. Aliyepigwa ni dada. Sasa dada amefariki, ameacha mtoto wa kiume anayekaribia jando, na Mashaka ndiye mjomba. Anauza maji kwa bei inayopanda kila wiki jua linavyokaza. Ana daftari la madeni. Kuna bibi mmoja anachota kila siku na jina lake halimo daftarini, na mtu akiuliza Mashaka anakuwa mkali. Kijijini wanamwita Mwenye Tangi. Anachotaka moyoni ni waje kumwita mjomba, kama wanavyowaita wanaume wengine wa rika lake.

Nikambana. Kwenye nyumba ya mtu mwenye deni refu kuliko wote daftarini kumetokea msiba. Tangini yamebaki maji ya ndoo chache. Mpwa wake anakuja kuomba maji ya kuoshea maiti.

Jibu la kwanza lililonijia ni kwamba anatoa, moyo umelainika. Nikalikataa, linaweza kuwa la mtu yeyote. La pili, anakataa kwa sababu ya deni. Hilo nalo nikaliacha, huyo ni mtu mbaya wa kwenye runinga. Nikakaa naye mpaka usiku. Halafu nikamwona anafanya hivi: anawauzia maji hayo watu wengine kwa bei ya juu, kisha hela yote anaipeleka kwenye rambirambi, ili majina yanaposomwa mbele ya watu lake lisikike na kiasi kikubwa kuliko vyote. Anasimama pale anasikiliza jina lake likisomwa, huku vijana wa ile nyumba wakipanda kutoka bondeni na ndoo za maji ya kumwoshea baba yao. Na aliyefuatana nao kubeba ni mpwa wake.

Hapo niliweka kalamu chini. Huyo ni Mashaka, na hakuna mtu mwingine ambaye angefanya vile. Hana sura bado, sijui kama ni mrefu au mfupi, na sikuona haja. Pima wahusika wako kwa njia hiyo: wapeleke wote kwenye msiba uleule. Wakifanya jambo lilelile, una mtu mmoja mwenye majina mengi.

Kibanda chako ni shule kubwa kwa hili. Unamwona mtu anavyosimama pesa ikichelewa kuingia. Unamwona anayetoa elfu tano akaihesabu mara nne, na yule anayeomba umtumie mama yake kabla hajajua yeye mwenyewe atakula nini. Angalia mikono yao. Lakini nani kamtumia nani na kiasi gani, hiyo ni amana ya kazi yako. Usiiguse hata kwa kubadilisha jina, maana utakuwa umerudi kwa somo yako kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu wote kuongea kama wewe: mpe kila mmoja jambo asilolisema. Mashaka hasemi neno "dada". Mpwa wake akiulizwa swali hujibu kwa swali. Hiyo inatosha kuwatofautisha. Nakuomba sana usitafute utofauti kwa kuikejeli rafudhi yetu, watu wa kwingine wametuchekea "nchele" na "nnazi" vya kutosha. Mhusika aseme hivyo kama ndivyo anavyosema, na awe na akili zake timamu.

Majina usiyatafute mbali. Huku tuna Sikudhani, Sijaona, Tabu, Somoe, majina yanayokuja na swali lake. Binti anaitwa Sikudhani: nani hakudhani, na hakudhani nini? Ryan hakukupa hata hilo.

Msimu uko karibu, na ukianza somo yako atakuwa na sababu ya kutokuwepo nyumbani, kwa hiyo mjomba wako mwone wiki hii. Mashaka nimekupa, mchukue ukimtaka, mbadilishe utakavyo, ila kurasa tano za kwanza ziandike kwenye daftari kabla ya kuzigusa kwenye simu. Kundi likae Ijumaa tatu bila kitu, watakungoja. Na hadithi mpya usimpelekee somo yako kama fidia. Siku akikuuliza mwenyewe unaandika nini siku hizi, kaa naye barazani umsomee, uanze na ile sehemu ya watoto wawili wanaopanda kutoka bondeni.